Venice kwa siku moja: kisa cha mahujaji 34 waliouziwa ratiba ya watalii

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mahujaji 34 wa parokia moja ya Dar es Salaam, akiwamo paroko wao, walikuwa Italia kwa ajili ya Mwaka Mtakatifu wa Jubilei. Walikuwa wamekwisha kupita Roma na Assisi, na siku iliyotangulia walisherehekea sikukuu ya Mtakatifu Antoni katika basilika yake mjini Padua. Venice, iliyo umbali wa takriban kilomita 40 kutoka Padua na chini ya saa moja kwa treni, iliandikwa kwenye mkataba wao kama ziara ya siku moja yenye mwongoza watalii. Pamoja nao walikuwamo kiongozi wa msafara, kijana wa Verona aliyeajiriwa na mshirika wa wakala wao wa safari nchini Italia, na masista wawili Watanzania wanaoishi Padua, walioombwa na paroko kuja kutafsiri. Jumla walikuwa watu 37. Majina ya wahusika na ya kampuni zote mbili yameachwa.

Kwenye karatasi siku ilionekana kamili. Treni ingeondoka Padua saa moja na dakika hamsini asubuhi, Basilika ya Mtakatifu Marko ilipangwa saa nne na nusu, Palazzo Ducale, ikulu ya kale ya watawala wa Venice, saa sita, kisha boti ya kwenda kisiwa cha Murano kuona utengenezaji wa kioo saa nane na nusu, halafu muda huru na treni ya kurudi saa kumi na mbili jioni. Kilichotokea ni kwamba nusu ya kundi hawakuingia Basilika kwa tiketi walizolipiwa, Murano haikufikiwa, na parokia ikalipa fedha ambazo hazikuwamo kwenye bajeti. Waliporudi nyumbani, malalamiko mengi yaliyofikishwa kwa kamati ya hija yalimlenga mwongoza watalii, mama mwenyeji wa Venice ambaye, kwa maneno ya mmoja wa waumini, alianza siku kwa kukataa watu. Kwa maoni yangu mama huyo ndiye mwenye lawama ndogo kuliko wote, na makosa yaliyoiharibu siku yalikuwa yamekwisha kufanyika mwezi Februari, mkataba ulipotiwa saini.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zilizowapokea mahujaji kwenye kituo cha treni cha Venice, Santa Lucia. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 Venice hutoza mchango wa kuingia katika mji mkongwe kwa wageni wasiolala humo, katika siku zilizotajwa kwenye kalenda ya manispaa, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Mwaka wa kwanza wa majaribio siku hizo zilikuwa 29 na kila mtu alilipa euro 5. Mwaka 2025 zikaongezwa kuwa 54, na kiwango kikagawanywa: euro 5 kwa anayelipa mapema, angalau siku nne kabla, na euro 10 kwa anayelipa baadaye. Tarehe 14 Juni ilikuwamo kwenye kalenda. Alipoulizwa, wakala alijitetea kwamba aliamini mahujaji wamesamehewa, kwa sababu sheria husamehe watu wa mkoa wa Veneto, na Padua imo Veneto.

Utetezi huo unachanganya misamaha miwili tofauti. Wakazi wa mkoa wa Veneto hawalipi, na ndiyo maana masista wawili na kijana wa Verona walipita bila kutozwa kitu. Wageni hawalipi iwapo wamelala katika hoteli iliyo ndani ya manispaa ya Venice yenyewe, kwa kuwa hao hutozwa kodi ya malazi mahali wanapolala. Mestre, ule upande wa bara wenye hoteli za bei nafuu na treni kila baada ya dakika chache, umo ndani ya manispaa hiyo, Padua haimo. Hujaji aliyelala Mestre angejaza fomu ya msamaha kwenye mtandao na kupewa msimbo wake bure. Aliyelala Padua alipaswa kulipa, na kwa kuwa hakuna aliyelipa mapema, watu 34 walitozwa euro 340 badala ya 170. Kuchagua Padua hakukuwa kosa, maana hujaji anayekuja kwa ajili ya Mtakatifu Antoni hana sababu ya kulala kwingine usiku wa tarehe 13. Kosa lilikuwa kuiacha bei ya uchaguzi huo igunduliwe mlangoni.

Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Kilichouma zaidi ni muda. Malipo yalifanywa kwa simu ya sista mmoja, kwa makundi madogo, huku wazee wakiwa wamesimama na pasi zao mkononi, na yalipokamilika ilikuwa karibu saa tatu na nusu. Nusu saa kabla ya hapo mwongoza watalii alikuwa amekwisha kufika, akawahesabu watu na kutamka lile neno lililowakera wengi: hawezi kuwachukua wote.

Alikuwa sahihi. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 manispaa ya Venice imezuia makundi ya watalii yanayozidi watu 25 katika mji mkongwe na katika visiwa vya Murano, Burano na Torcello, na imepiga marufuku vipaza sauti. Sababu huonekana kwa macho kwa yeyote aliyewahi kukwama kwenye kichochoro cha Venice nyuma ya watu hamsini wanaofuata mwavuli mmoja. Mji mkongwe, uliokuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950, sasa una wakazi wasiofika 50,000, na wengi wao wanalazimika kwenda kazini na sokoni kwa kupenya katikati ya misafara. Mwongoza watalii anayeongoza watu 37 pamoja anavunja amri ya mji ambao ndiko anakopatia riziki yake, na faini ni yake.

Kiongozi wa msafara alipendekeza njia ya mkato, nayo inafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu mawakala wengi huipendekeza. Kundi ligawanywe mara mbili, alisema, mama achukue nusu ya kwanza na yeye achukue nusu ya pili, maana Venice anaijua vizuri. Huenda ni kweli anaijua. Lakini sheria ya Italia hutenganisha kazi hizi mbili. Kiongozi wa msafara husindikiza watu, huangalia treni, hoteli, chakula na mgonjwa. Kueleza historia na sanaa ya mahali ni kazi ya mwongoza watalii aliyefaulu mtihani na kupewa kitambulisho, na sheria namba 190 ya tarehe 13 Desemba 2023 imeifanya taaluma hiyo kuwa yenye orodha moja ya kitaifa. Kijana yule angeweza kuwatembeza mahujaji kwa miguu kutwa nzima bila tatizo. Mara tu angesimama mbele ya mlango wa Basilika na kuanza kufafanua michoro ya vijiwe vya rangi, angekuwa anafanya kazi ya mwingine bila kibali. Mama alikataa pendekezo hilo pia, kisha akampigia simu mwenzake, ambaye hakuwa na nafasi kabla ya saa sita mchana.

Hivyo mahujaji 18 wakaondoka na mama kwa vaporetto, boti ya abiria ya umma, kuelekea uwanja wa Mtakatifu Marko, na 16 wakabaki kituoni na sista mmoja na kijana wa Verona, wakiwa na zaidi ya saa mbili zisizo na ratiba. Kwenye ripoti ya kamati muda huu umeandikwa kama hasara. Ukisoma maelezo ya wale 16 wenyewe utapata picha nyingine kabisa.

Sista aliwauliza kama wanajua kwa nini kituo kinaitwa Santa Lucia. Hakuna aliyejua, na kusema kweli watalii wengi hupita pale maisha yao yote bila kujua. Mahali penye kituo palikuwa na kanisa la Mtakatifu Lusia, bikira na mfiadini wa Sirakusa, ambaye mabaki ya mwili wake yalikuwa yamehifadhiwa humo. Kanisa likabomolewa mwaka 1861 ili kupisha reli, na mabaki yakahamishiwa kanisa la San Geremia, mwendo wa dakika chache kutoka kituoni, ambako yapo hadi leo. Kuingia hakuna tiketi. Mahujaji wakaenda pole pole, wakapiga magoti mbele ya kaburi la kioo, wakasali rozari nzima kwa Kiswahili, na mama mmoja mwenye matatizo ya macho, ambaye Mtakatifu Lusia ndiye msimamizi wake, alikaa kwenye benchi la mbele kwa karibu saa nzima. Hakuna aliyewaharakisha. Wale 16 karibu wote waliitaja San Geremia kuwa sehemu bora ya siku, na haikuwamo kwenye ratiba.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Wakala alikuwa na ratiba moja ya Venice, ile anayomuuzia mtalii yeyote, akaibandika kwenye mkataba wa hija bila kubadili chochote. Mtalii wa kawaida anapimiwa siku kwa idadi ya mahali alipofika na picha alizopiga, na kwake Basilika, Palazzo Ducale na Murano ni mpango wa kueleweka ingawa ni wa mbio. Hujaji mwenye umri wa miaka 60 na ushei, ambaye magoti yake yamekwisha kupandishwa ngazi za Assisi, katika mji wenye madaraja zaidi ya 400 ambayo mengi yana ngazi, anahitaji mahali pachache pa kukaa muda mrefu. Padua yenyewe ilipangwa vizuri kwa sababu jambo la kufanya Padua lilikuwa wazi. Kwa Venice hakuna aliyejiuliza swali hilo.

Kundi la kwanza, ambalo ndilo lililopata huduma kama ilivyoandikwa, linathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Waliingia Basilika kwa wakati. Akina mama walijifunga khanga mabegani, kwa hiyo suala la mavazi, ambalo huwafukuzisha watalii wengi mlangoni, halikuwasumbua hata kidogo. Mabegi makubwa tu ndiyo yaliyobidi kuachwa nje. Mama alieleza kwa Kiingereza kizuri, na sista wa pili akatafsiri. Hapa likajitokeza jambo ambalo hakuna ratiba iliyolihesabu: maelezo ya dakika 40 yakitafsiriwa sentensi kwa sentensi huwa dakika 80, na tiketi ya Basilika haina muda huo, kwani foleni inakusukuma kutoka nyuma. Mama alitoa ufumbuzi wa kitaalamu baadaye, ndani ya Palazzo Ducale, kwa kumpa sista kisambaza sauti cha pili kilichowekwa kwenye masafa yake, ili mahujaji wabadilishe masafa ya visikilizi vyao vya masikioni na kumsikia sista akitafsiri kwa sauti ya chini wakati mama anaendelea kusema. Ni kifaa cha kawaida kwa waongoza watalii wa Italia, na kingekuwa mikononi mwao tangu asubuhi iwapo mkataba ungesema kwamba kundi linahitaji mkalimani. Mkataba ulisema lugha ni Kiingereza.

Kwa sababu ya uhaba huo wa muda, hadithi ambayo mahujaji wa Afrika wangependa kuisikia kwa kirefu ilipita kwa sentensi mbili. Mabaki ya Mwinjili Marko hayakuanzia Venice. Kwa mujibu wa mapokeo, wafanyabiashara wa Venice waliyachukua kwa siri kutoka Aleksandria, Misri, mwaka 828, wakayafanya kuwa fahari ya dola yao, na Basilika iliyopo leo iliwekwa wakfu mwaka 1094 ili kuyahifadhi. Kanisa la Misri halikusahau. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alirudisha sehemu ya mabaki hayo kwa Wakopti, nayo yakapelekwa Cairo. Mtalii anaweza kuipokea habari hiyo kama kioja cha wizi wa kale. Kwa Mkatoliki wa Afrika, ni habari ya mwinjili ambaye Kanisa la kale la bara lake, lile la Misri, linamwita mwanzilishi, na inastahili zaidi ya sentensi mbili.

Kundi la pili lilifika uwanjani karibu saa sita. Tiketi zao za Basilika zilikuwa zimepita muda. Waliotaka kusali waliingia kupitia mlango wa pembeni unaotengwa kwa waumini, ambao hauhitaji tiketi, ila huko huruhusiwi kutembezwa wala kuelezwa, na hawakuiona Pala d'Oro, ule ubao wa dhahabu na vito ulio nyuma ya altare kuu. Lalamiko hili ni la haki kabisa, na ni miongoni mwa machache ninayodhani yanastahili kurudishiwa fedha bila mjadala.

Saa nane mchana, watu wote 37 walipokutana tena, ndipo ulipofanyika uamuzi ambao kamati imeuhoji zaidi. Boti ya Murano ilikuwa inasubiri. Mama alimweleza paroko kwamba boti hiyo ni ya bure kwa sababu inapeleka watu kwenye tanuri la maonyesho lenye duka, kwamba maonyesho hudumu dakika chache na dukani hudumu zaidi, na kwamba kwenda na kurudi kungemaliza mchana wote. Masista wakaleta wazo jingine. Ng'ambo ya Mfereji Mkuu, kituo kimoja tu cha vaporetto kutoka San Marco, liko kanisa la Salute, na jirani yake jengo lililokuwa taasisi ya wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, mahali alipobatizwa Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa Bakhita ni nani. Shule na parokia zenye jina lake ziko tele kuanzia Uganda hadi Tanzania. Kinachosahaulika ni kwamba uhuru wake ulipatikana Venice. Mtoto wa Darfur aliyetekwa na kuuzwa mara kadhaa, akafikishwa Italia mwaka 1885, aliachwa na familia iliyokuwa ikimmiliki kwa masista Wakanosa katika taasisi hiyo, na mama wa familia hiyo aliporudi kumchukua ili wasafiri tena Afrika, Bakhita alikataa kutoka. Shauri likafikishwa kwa mamlaka, na tarehe 29 Novemba 1889 ikatamkwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa na kwa hiyo yeye ni mtu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Alikufa Schio, katika mkoa huohuo wa Veneto, mwaka 1947, na akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Paroko akaamua: Murano iachwe. Mahujaji wakavuka kwa boti, wakaingia Salute, kanisa ambalo Venice ilijenga kwa nadhiri baada ya tauni ya mwaka 1630, kisha wakasimama nje ya jengo la wakatekumeni, paroko akasoma habari za ubatizo wa Bakhita, wakaimba. Hawakuingia ndani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameomba nafasi mapema. Wajumbe wawili wa kamati wanadai kwamba paroko hakuwa na mamlaka ya kubadili kitu kilicholipiwa. Hoja hiyo ina uzito wa kisheria, lakini safari ya Murano haikuwa na bei yake kwenye mkataba, na sababu inajulikana: gharama yake hufidiwa na kamisheni ya duka.

Sisemi kwamba Murano haina thamani. Matanuri yalihamishiwa huko kwa amri ya dola mwaka 1291, na Jumba la Makumbusho ya Kioo la kisiwani lina mkusanyiko wa ushanga ambao mtu wa pwani yetu angeutazama kwa jicho la pekee, kwa kuwa ushanga wa Venice ndio uliobebwa kwa wingi na misafara ya karne ya 19 kutoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara, ukabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa chakula cha njiani. Ziara ya makumbusho hayo ingekuwa na maana kwa kundi hili. Ila ratiba haikuyataja. Ilitaja tanuri na duka.

Katika madai yaliyopelekwa kwa wakala mwezi Julai, parokia iliomba mambo matatu: tofauti ya euro 170 ya mchango wa kuingia mjini, thamani ya tiketi 16 za Basilika, na malipo ya mwongoza watalii wa pili, aliyelipwa papo hapo kutoka mfuko wa dharura. Wakala alikubali mawili ya kwanza. La tatu alilikataa kwa maelezo kwamba mkataba unasema "mwongoza watalii" bila kutaja wawili, na kwamba kundi kubwa lilikuwa chaguo la parokia. Kwa maoni yangu hoja hiyo haisimami. Orodha ya majina 34 ilikuwa mezani kwake tangu Februari, na kikomo cha watu 25 kilikuwa kimeanza kutumika miezi sita kabla ya hapo. Aliyeuza huduma ya kuongozwa katika mji huo ndiye aliyepaswa kujua kwamba mtu mmoja hawezi kuitoa kihalali kwa idadi hiyo. Barua ya pili ya parokia, iliyosema hivyo kwa maneno machache na kuambatanisha orodha yenye tarehe ya kupokelewa, bado haijajibiwa.